Gitaa la Umeme Nyanda za Juu Kusini: Lililotumika au la Kutengenezewa?

Ukiondoa gitaa jipya la dukani, mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anabakiwa na njia mbili za kupata gitaa la umeme: anunue lililotumika, au ampe fundi oda amtengenezee. Nasema mapema ninakoegemea. La kwanza liwe lililotumika. Oda ije baadaye, mkono wako ukishajua unataka nini. Na siku utakapoagiza, agiza bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa. Shingo itafute ikiwa imeshatengenezwa. Bei ni sehemu ndogo tu ya sababu. Iliyo kubwa ni mbao, na hali ya hewa ya huku kwetu.

Hatua ya 1: Jua litapigwa wapi

Wengi huanza na rangi na umbo. Wewe anza na umeme wa jengo. Ukumbi au kanisa ambalo waya wa ethi haufanyi kazi, au halina kabisa, ni mahali pagumu kwa gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja, kama zile tatu za Stratocaster ya kampuni ya Fender. Pikapu hizo hunasa umeme wa hezi 50 kutoka kwenye nyaya, taa za tyubu na jenereta, na spika inanguruma hata hujapiga kitu. Dawa yake ni pikapu za koili mbili zilizofungwa kinyume, ambapo mngurumo wa koili moja unafuta wa nyingine. Seth Lover wa kampuni ya Gibson ndiye aliyezibuni katikati ya miaka ya 1950, na tangu 1957 zikawa zinafungwa kwenye Les Paul, gitaa la kampuni hiyo. Kwa kwaya inayohama hama, leo kanisani, kesho kwenye mkutano wa injili wenye jenereta, hizi ndizo ningechagua. Anayepiga solo ya dansi yenye sauti nyembamba inayong'aa atazitaka za koili moja, na avumilie mngurumo.

Ethi ina jambo jingine zito kuliko mngurumo. Mpigaji aliyeshika nyuzi za gitaa akisogeza mdomo kwenye maiki iliyounganishwa na mtambo mwingine anaweza kupigwa shoti, na shoti hiyo inaweza kuua. Mwite fundi umeme aipime soketi kabla hujamwita fundi gitaa.

Ukiuziwa gitaa pamoja na amplifaya yake, igeuze nyuma usome kibandiko. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa ya volti 100, ya Marekani 120, na soketi zetu zinatoa 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, umenunua moshi. Gitaa lenyewe halina shida hiyo kwa kuwa halichomekwi ukutani.

Hatua ya 2: Litafute, na nyuzi zako mfukoni

Mbeya mjini waulize mafundi redio wa Mwanjelwa na Kabwe. Iringa anzia Miyomboni. Hata fundi asiyeuza gitaa huwa anajua nani aliletewa lipi kurekebisha na nani kachoka nalo. Chanzo ninachokipenda zaidi ni kwaya au bendi inayobadilisha vyombo, maana hapo unaweza kumkuta aliyelipiga na kumuuliza linasumbua wapi. Wapo wanaovuka Tunduma kutafuta upande wa Zambia. Si vibaya, ila kitu kikivuka mpaka kina taratibu zake za forodha, na zihesabu kabla hujafurahia bei.

Muuzaji akikuambia, "Kaka, hili halina shida, ni nyuzi tu," mjibu kwamba nyuzi unazo, mzifunge hapo hapo ulipige. Seti ya nyuzi inayoanza na 009 au 010 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi) ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kununua gitaa ambalo hukulisikia. Akikataa lisifungwe nyuzi, umeshapata jibu lako bila kugombana na mtu.

Beba pia tepu ya kupimia, bisibisi, spana za L za saizi ndogo ndogo, waya wa gitaa unaouamini, na simu yenye programu ya kutyuni. Nenda mchana. Taa ya dukani huficha nyufa.

Hatua ya 3: Likague kuanzia kichwani kwenda chini

Kwanza nyuma ya kichwa, pale kinapokutana na shingo. Magitaa ya aina ya Les Paul yana kichwa kilichoinama nyuma kwa digrii 17 au karibu ya hapo, na shingo na kichwa huwa vimechongwa kutoka mbao moja ya mahogani. Mishipa ya mbao inakuwa mifupi mahali hapo, kwa hiyo likianguka chali ndipo linapovunjika. Pitisha ukucha. Tafuta mstari mwembamba uliopakwa rangi juu yake. Ufa uliogundishwa vizuri hauliui gitaa, ila bei ishuke sana, na mwuzaji asijifanye hajui.

Kisha shingo, na hapa usiwe na haraka. Lishike kama unalenga shabaha, utazame kutoka kichwani kwenda kwenye bodi, kingo mbili za shingo zionekane sambamba. Shingo iliyojisokota, upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, iache hata kama ni ya bure. Iliyopinda kwa urefu wake ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake kuna fimbo ya chuma inayoweza kuinyoosha. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo) ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoungana na bodi kwa mkono wa pili. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8: iwe ndogo, kiasi cha karatasi mbili tatu za daftari. Ikizidi, au uzi ukigusa kabisa, omba ruhusa uzungushe chuma cha shingo robo mzunguko tu. Kikizunguka na nafasi ikabadilika, gitaa lina maisha. Kikigoma, au kikizunguka bila kushika kitu, shukuru kwa muda wao uondoke.

Freti sasa. Piga kila noti, kila uzi, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka. Inachosha na mwuzaji atakuangalia vibaya, endelea. Noti inayokwama au kulia zzz mahali pamoja inaonyesha freti iliyoinuka au iliyolika. Tazama pia mashimo chini ya nyuzi kwenye freti tano za kwanza, maana kule ndiko wapiga rizimu hushinda. Mashimo madogo yanasawazishwa. Makubwa yanataka freti mpya, na fundi wa kazi hiyo ni adimu huku kuliko gitaa lenyewe, hivyo weka nauli ya kulipeleka Dar es Salaam katika hesabu.

Baada ya hapo tyuni nyuzi zote, kisha linganisha sauti mbili kwenye kila uzi: ile ya kugusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 ukaachia, na ile ya kubonyeza freti hiyo hiyo. Zinatakiwa kulingana. Zikitofautiana kidogo, vile vipande sita vinavyobeba nyuzi kwenye daraja (chuma kinachoshika nyuzi juu ya bodi) vinasogezwa kwa bisibisi na mambo yanakaa sawa. Kama kipande kimeshafika mwisho wa njia yake na bado sauti haijalingana, daraja au shingo imewekwa vibaya.

Umeme wa ndani ni wa mwisho kwa sababu ndio rahisi kuponya. Chomeka, gonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi usikie kama iko hai, hamisha swichi, zungusha vifundo vya sauti na toni. Mkwaruzo wa vifundo huisha kwa dawa ya kusafishia umeme. Jeki (tundu la kuchomekea waya wa gitaa) iliyolegea ni kazi ndogo ya fundi redio. Pikapu iliyokufa kabisa inaweza kuwa waya uliokatika, inaweza kuwa koili. Punguza bei kana kwamba ni koili.

Kuhusu majina makubwa: jina kichwani si ushahidi. Kifuniko kidogo cha kichwani kinachoficha tundu la chuma cha shingo kwenye Gibson halisi hufungwa kwa skrubu 2. Ukikuta 3 na imeandikwa Gibson, shuku. Namba ya Fender iingize kwenye tovuti yao uone inasema nini, huku ukikumbuka kwamba mwenye kughushi gitaa hashindwi kunakili namba. Binafsi naona Squier (chapa nafuu ya Fender), Epiphone (chapa nafuu ya Gibson) au Yamaha Pacifica iliyo halali na iliyotunzwa inamfaa mpiga gitaa wa Makambako kuliko jina kubwa lenye mashaka.

Hatua ya 4: Karatasi

Vyombo vya makanisa na bendi huibiwa. Andikeni makubaliano ya mauziano, yenye namba ya gitaa, majina na simu za wote wawili, na kama thamani ni kubwa mpite ofisi ya serikali ya mtaa mkasainiane mbele ya mwenyekiti. Ukinunua kwa kwaya, saini iwe ya kiongozi wao, isiwe ya kijana aliyetumwa kulionyesha. Piga picha gitaa likiwa mikononi mwa mwuzaji.

Hatua ya 5: Pima kama oda inakufaa kweli

Oda ina maana kwa watu wachache. Mpigaji wa mkono wa kushoto ni mmoja wao, kwa kuwa gitaa lililotumika la kushoto halipatikani kirahisi. Mwenye vidole vifupi anayetaka urefu wa uzi ulio mfupi ni mwingine. Na yupo aliyepiga miaka kadhaa, anajua shingo yake inatakiwa unene gani na hapendi kubahatisha tena. Anayeanza hayumo. Atamwambia nini fundi? Rangi.

Kuagiza kwa watengenezaji wa nje kunawezekana, lakini unalipa kabla hujaligusa, unasubiri miezi, kisha usafiri na ushuru wa forodha unafuata, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote hivyo. Likija na kasoro, kulirudisha kunagharimu karibu sawa na kulileta. Epuka hasa wanaokuahidi wakuchoree jina la kampuni yoyote unayotaka: hiyo ni bidhaa bandia.

Linabaki la kutengenezwa hapa hapa, na ndilo linalonifurahisha. Nyanda hizi zina mbao na zina maseremala. Tatizo ni shingo. Fundi akisema anatengeneza na shingo, muulize freti anazipangaje. Jibu la kweli ni hili: chukua urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha juu (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi darajani, ugawanye kwa 17.817 upate nafasi ya freti ya kwanza. Kilichobaki kigawanye tena kwa namba hiyo upate ya pili, na kuendelea. Kwa urefu wa milimita 648, ambao Fender huutumia, freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka kwenye kizingiti, ya pili 34.3 mbele yake, na ya 12 nusu kamili, yaani 324. Gibson huwa karibu 628, na nyuzi zake hulegea kidogo chini ya vidole. Ukikosea milimita moja karibu na freti ya 12, sauti inachafuka mara unapopiga nyuzi kadhaa pamoja, na hakuna kutyuni kutakakoponya. Ongeza chuma cha ndani, ongeza freti 21 au 22 zinazotakiwa kuwa na kimo kimoja, utaona kwa nini nasema shingo uitafute tayari.

Hatua ya 6: Nusu oda

Tafuta gitaa lililovunjika bodi, au lililochakaa vibaya, ambalo shingo yake imefaulu ukaguzi wa hatua ya 3. Liwe la shingo ya kufunga kwa skrubu nne, kwa mtindo wa Fender. Leo Fender aliitengeneza hivyo ili shingo iweze kutolewa na kubadilishwa bila kulibomoa gitaa. Chukua pia pikapu, daraja na vikaza nyuzi. Vyote hivyo vinapanda kwenye bodi mpya ya seremala wako.

Sasa mbao. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, na misindano (mipaina) na milingoti (mikaratusi) ya huko imejaa kwenye yadi za mbao kuanzia Mafinga. Mlingoti uache uwe nguzo za umeme. Ukikauka unajipinda na kupasuka. Msindano unafaa kuliko watu wanavyodhani: baadhi ya magitaa ya mwanzo ya Fender yalikuwa ya mbao za jamii hiyo. Ni mwepesi, ni rahisi kuchonga, ila hubonyea ukigongwa kidogo. Mninga ndio chaguo langu. Husinyaa kidogo mno unapokauka, na hiyo ni sifa ambayo kwenye gitaa huwezi kuilipia kupita kiasi. Mkongo nao umetulia ila ni mzito. Gitaa zima lisipite kilo 4, maana mtu atasimama nalo ibada nzima. Mpingo usiufikirie kwa bodi, uzito wake huzama majini. Na tangu 2017 jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kuusafirisha nje ya nchi ukiwa mbao kunahitaji vibali.

Shida kubwa ya mbao za yadini ni maji. Zinauzwa mbichi au nusu kavu, na seremala wa vitanda hajali kwa sababu kitanda hakityuniwi. Pima mwenyewe: peleka kipande kwenye mzani wa duka, andika uzito, kihifadhi ndani mahali pakavu wiki mbili tatu, ukipime tena. Kikiendelea kupungua, bado hakijafika. Njia ya mkato ni kununua kitanda au mlango wa zamani wa mninga. Mbao iliyokaa miaka mingi ndani ya nyumba imeshamaliza kujipinda. Bodi inahitaji unene wa milimita 45 hivi na upana wa sentimita 33, na si lazima iwe ubao mmoja. Vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa kwa kubanwa vizuri vinatosha.

Mkabidhi seremala ile shingo pamoja na bodi ya zamani kama ipo, aifuatishe. Kishimo cha kupokea shingo kwa kawaida ni milimita 56 kwa upana na 16 kwa kina, lakini achonge kwa kuipima shingo yenyewe, ibane bila kulazimishwa kwa nyundo. Daraja lisitobolewe kwanza. Afunge shingo, apime kutoka kizingiti hadi freti ya 12, kipimo hicho hicho akitoe tena kutoka freti ya 12 kwenda chini, kisha apitishe uzi wa kwanza na wa sita kuona kama vinakaa sawa pembeni mwa shingo. Hapo ndipo drili iwashwe. Vipande vya daraja viachiwe nafasi ya kusogea nyuma milimita chache, kwa kuwa uzi mnene huhitaji kuwa mrefu kidogo kuliko mwembamba.

Nyaya mpe fundi redio. Mwambie mambo mawili tu: vifundo viwe vya kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja na 500 kwa za koili mbili, na waya mmoja utoke chini ya daraja uende kwenye ethi ya jeki. Huo wa pili ukisahaulika, gitaa litanguruma hadi mpigaji aonekane hajui kazi.

Rangi nayo si kazi ya seremala. Mpelekee fundi wa rangi za magari. Fender wenyewe katika miaka ya 1950 na 1960 walitumia rangi za magari za DuPont, kwa hiyo hutakuwa umezusha jambo. Rangi iwe nyembamba, na ikauke kabisa kabla ya kufunga chochote.

Hatua ya 7: Malipo na mvua

Andika kila kipimo kwenye karatasi, kila fundi asaini yake. Seremala mlipe kwa mafungu: la kwanza mbao kavu ikiwa mkononi mwake na umeiona, la pili shingo ikiwa imekaa kwenye kishimo na nyuzi mbili zimenyooka, la tatu baadaye sana.

Hilo la tatu ndilo la huku kwetu. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha ukame wenye baridi inayokausha hata midomo. Gitaa lililomalizika Septemba halijajaribiwa na kitu. Kubaliana na fundi kwamba fungu la mwisho, hata likiwa dogo, litalipwa mwisho wa Desemba, mbao ikiwa imeshavuta unyevu wa mvua za kwanza. Wakati huo lihifadhi ndani ya begi lake, mbali na jiko la mkaa na mbali na ukuta unaolowa. Likisafiri kwenye buti ya basi, legeza nyuzi kidogo na kichwa kizungushie nguo nene ndani ya begi.

Desemba ikifika lichunguze. Shingo ikiwa imepinda kidogo, robo mzunguko wa chuma cha ndani unatosha na hilo halimhusu seremala. Ncha za freti zikikwaruza vidole wakati wa ukame, nalo ni la kawaida, linapigwa tupa taratibu. Maungio ya bodi yakiwa yamefunguka, au shingo ikicheza kwenye kishimo chake, mrudishie kazi yake pamoja na karatasi mliyosainiana, na lile fungu libaki kwako hadi amalize.